Mikono ya Mwashi Bila Glavu

"Mchumba wako avae hizi, la sivyo picha za harusi hazipigwi!" Shangazi alibwaga glavu nyeupe juu ya cherehani.

Mpwa wake, fundi nguo, alikuwa akishona gauni lake mwenyewe la harusi.

"Havai, Shangazi."

"Mikono imepasuka kama tope la kiangazi! Jana kagusa satini, uzi ukavutika. Nimeshamwambia."

"Umemwambia nini?"

Simu ikamjibu. Ujumbe wa mchumba wake, mwashi: "Shangazi kasema kweli. Mikono hii itakuaibisha. Tafuta mwenye mikono laini. Nisamehe."

Binti akatoka na tepu ya kupimia shingoni, mpaka kwenye ujenzi. Alimkuta mwashi akimwagia maji magunia yaliyofunika sakafu mpya.

"Magunia ya nini?"

"Yanashika maji. Simenti ikikauka haraka, inapasuka. Umekuja kujifunza uashi?"

"Nimekuja kukutegea. Kitendawili!"

Akatabasamu bila kupenda. "Tega."

"Sakafu ya jirani naifunika, yangu naianika."

"Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji nimeupokea. Ni mikono yako! Simenti unaitoa na nini?"

"Sabuni ya unga na maji ya moto. Nasugua mpaka iwashe."

"Ndivyo unavyoimaliza! Nawa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuogea. Usiikaushe kabisa. Ikiwa na unyevunyevu bado, paka mafuta mazito, ndiyo gunia lako hilo. Ukilala, vaa soksi mikononi. Na kazini, glavu za mpira."

"Kumbe na wewe unataka glavu!"

"Za kujikinga, bwana. Si za kujificha. Na ule ujumbe wako ufute, mimi sijausoma."

Wiki nne baadaye, ukumbi umejaa. Mikono ilikuwa imelainika kweli, ila pembeni mwa kidole gumba palibaki ufa mdogo. Mwashi alipofunua shela, uzi ukanasa.

"Si nilisema!" Shangazi akanong'ona, watu wote wakamsikia.

Bibi harusi akaunyanyua ule mkono juu.

"Mpiga picha, sogea. Piga hapa hapa kwenye kidole! Shela nimeshona mimi, uzi ukivutika nitaurudisha mimi. Na mwenye mkono huu nimemchagua mimi."

Vigelegele vikapasua ukumbi. Shangazi akafungua mkoba, akatoa zile glavu nyeupe, akafutia machozi.

Mpiga picha akaipiga na hiyo.