Kikohozi cha Herufi R

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Brigita wa darasa la tano alimsomesha mama yake. Mama Brigita hakuwahi kukanyaga shule utotoni. Alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo la kijiji chao cha ujamaa, karibu na Rutamba. Alisoma vizuri, ila herufi moja ilimtesa. Katika Kimwera cha nyumbani kwao R haikusikika, kwa hiyo hata Rutamba yeye aliiandika "Lutamba".

Zamani kosa hilo lisingemdhuru mtu. Lakini mwaka ule sheria ilikuwa imebadilishwa: mtu mzima asiye na cheti cha darasa la saba aliruhusiwa kusomea uhudumu wa afya, mradi achaguliwe na kijiji chake na afaulu mtihani wa imla. Kijiji kilimchagua Mama Brigita. Akishindwa, wangekaa mwaka mwingine bila mhudumu, na wagonjwa wangeendelea kubebwa kwenye machela mpaka mjini.

"Mwanangu, hii R itaniumbua," mama alisema.

"Usiogope, mama. Nitakaa nje, chini ya dirisha la darasa. Penye R nitakohoa."

Mama alisita, kisha akakubali. Hofu ilimzidi.

Siku ya mtihani, Bwana Afya Fakihi alifika shuleni kutoka Lindi kumtahini Mama Brigita pamoja na wateule wa vijiji jirani. Alisoma polepole: "Mtoto anayehara apewe maji safi." Dirishani pakasikika kho! Mama akaandika "anayehara", sawasawa kabisa.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Mzee Likwata, jirani wa shule, alipoanza kuchoma korosho zake. Moshi wa korosho hauna huruma. Ulimwingia Brigita kooni wakati Bwana Afya anasoma: "Dawa hii inywewe baada ya kula."

Kho! Kho! Kho!

Bwana Afya alipita kati ya madawati, akasimama nyuma ya Mama Brigita na kusoma kwa sauti: "Dawa hii inywewe baada ya kura." Darasa zima likaangua kicheko. "Mama, kwani huyu mgonjwa asubiri uchaguzi?"

Mama hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Nimekosa, Bwana Afya. Binti yangu ndiye anayekohoa penye R. Mimi mwenyewe siisikii."

Brigita aliitwa ndani, macho mekundu kwa moshi na kwa aibu.

"Shikamoo, Bwana Afya. Mimi ndiye niliyemshauri. Usimnyime nafasi, tafadhali."

"Marahaba. Kaa hapo."

Bwana Afya alifunga dirisha, akasoma sentensi nyingine. Mama aliandika peke yake, jasho likimtoka: "Jelaha lioshwe kwa maji ya moto yaliyopoa."

Bwana Afya aliisoma. "Umekosea herufi moja, lakini aliyeumia atapona. Ungenificha, ningekufuta. Umefaulu, na hiyo R utaimaliza chuoni."

Mama alilia kwa furaha, bila kujificha. Bwana Afya akamgeukia Brigita.

"Sheria imemwondolea mama yako kikwazo cha cheti, kwa sababu waliokosa shule hawakukosa akili. Haikumwondolea kazi ya kujifunza. Wewe ulifikiria mtihani tu; hukumfikiria mgonjwa atakayepewa dawa siku ambayo wewe hupo. Ukimpenda mtu, mfundishe mpaka aweze mwenyewe."

"Nimeelewa," Brigita alisema, akaenda kumfuta mama yake machozi.