Mtoto Asiyevushwa

Jumatatu saa tatu asubuhi Verdell Mungin aliegesha gari kando ya bustani, akamshusha binti yake Nyla, wa miaka minne, na kumwahidi siku nzima ya kula na kutembea. Jumamosi walikuwa wamemzika Bibi Rosabel, aliyemlea Verdell, kwenye makaburi ya kanisa nje kidogo ya Savannah. Mume wa Verdell alikwisha kurudi kazini Atlanta, nao wangemfuata usiku huo. Mtoto alikuwa ameshinda siku tatu kati ya watu waliovaa nguo nyeusi. Alistahili peremende.

Jambo moja halikufanyika mazishini. Watu wa pwani ile humvusha mtoto mdogo juu ya jeneza: mmoja anampitisha, mwingine anampokea ng'ambo, mara tatu, jina la marehemu likitajwa, ili marehemu amwachie. Orletha, mama mdogo wa Verdell, alinyoosha mikono. Verdell akakataa kumtoa mwanawe. Wakubwa wawili wa kazini kwa mumewe walikuwa wamesimama pale wakitazama, naye akaona haya.

"Haya, msomi wetu," Orletha alimnong'oneza. "Kila mlipokuja, yule bibi hakuwahi kulala bila kumshika huyu mtoto mkono. Unadhani sasa atalala?"

Mkono wa bibi ulijulikana na kila mtu. Ulikuwa na dole gumba na vidole vitatu. Cha shahada kilikatwa na mashine kiwandani, enzi za ujana wake.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Walipita bustani moja hadi nyingine, chini ya mialoni yenye ndevu za kijivu za mimea inayoning'inia. Mwongoza wageni alikuwa akiwaonyesha watalii nyumba aliyosema ina mizimu. Verdell alicheka kimoyomoyo. Bibi Rosabel alifanya usafi nyumba ile miaka kumi na hakuona kitu zaidi ya vumbi. Verdell alimpiga Nyla picha kwenye chemchemi, kwenye ngazi za mawe za mtoni, na mbele ya duka la peremende.

Saa sita waliingia kwenye mgahawa ambamo wageni hukaa meza moja ndefu na bakuli hupitishwa mkono kwa mkono: kuku wa kukaanga, bamia, kamba juu ya uji mzito wa mahindi. Mhudumu, mama mmoja mnene waliyemwita Miss Dot, aliweka sahani tatu.

"Tuko wawili," Verdell alisema.

"Na yule bibi aliyeingia amemshika mtoto mkono? Ameenda kunawa, nimwekee tu. Wazee njaa inawafanya wakali."

Verdell aligeuka. Kiti cha upande wa kulia wa Nyla kilikuwa kitupu. Mtoto alikuwa akila kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wa kulia alikuwa ameulaza juu ya kiti kile, kiganja wazi.

"Kula vizuri, mama," Verdell alimwambia.

"Siwezi. Bibi kaushika."

Verdell aliugusa. Ulikuwa baridi, kama samaki aliyetoka kwenye barafu.

Alifungua simu kutazama picha. Kwenye chemchemi, mkono wa kulia wa Nyla ulikuwa umeinuliwa, kama wa mtoto anayevushwa barabara. Kwenye ngazi, umeinuliwa. Dukani, umeinuliwa. Pembeni yake hapakuwa na mtu.

Alimpigia Orletha, akamweleza kila kitu, akitarajia kugombezwa. Orletha hakumgombeza. Aliuliza tu baridi imefika wapi.

"Kiwikoni."

"Jua lisizame bado umemkalisha huko. Mlete makaburini. Sasa hivi."

Garini Nyla alilala. Verdell alimwita, hakuitika. Kwenye taa nyekundu alimshika bega. Lilikuwa linapoa.

Orletha alikuwa amekwisha kufika. Juu ya mchanga mweupe wa kaburi kilikuwepo kikombe cha marehemu, kilichovunjwa kama ilivyo desturi, na saa yake iliyosimamishwa. Orletha alimtazama mpwa wake tumboni kwanza, kisha usoni.

"Kama una mwingine humo, sema. Nawe utavuka. Hili halifanywi mara mbili."

Verdell alikuwa na mimba ya miezi miwili. Mwaka uliopita, kwa mimba nyingine, alimwambia Orletha mapema. Jumapili kanisa zima likaliombea tumbo lake, na Jumapili iliyofuata mimba haikuwepo. Alikuwa ameapa kunyamaza hadi mwezi wa nne.

"Ni Nyla tu," alisema.

Walisimama pande mbili za kaburi, wakampitisha Nyla juu yake. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu mtoto alikuwa mzito kama mtu mzima, na mikono ya Verdell ikaanza kushuka.

"Mwachie, Rosabel," Orletha alinong'ona. "Mwachie."

Uzito ukatoka. Nyla akafumbua macho.

"Ameniachia," alisema. Kisha akaomba kuku.

Mkono ulikuwa wa moto. Orletha alikaa mchangani akalia. Verdell alimbeba mwanawe moja kwa moja hadi garini, na jioni hiyo walikuwa njiani.

Jumanne, Atlanta, alitoa nguo za safari akazifua. Gauni la bluu alilovaa yeye jana kaburini lilitoka safi isipokuwa mbele, chini ya mkanda, ambapo mchanga mweupe ulikuwa umegandamana. Alilifua tena. Doa halikutoka. Hakuwa amepiga magoti pale, wala kugusa kaburi.

Alilitandaza kitandani, akaweka kiganja chake juu ya doa. Kilizidi kwa kidole kimoja. Akakiondoa, akahesabu.

Dole gumba, na vidole vitatu.