Mchukue Basi

Yule mwanamke wa shuka jeupe hakushika sahani wala trei. Alitokea nyuma ya pazia la mkahawa, akakata tonge la injera, mkate laini wa kwao, na kumlisha Kipkirui mdomoni kwa vidole vyake. Kulishana ni heshima kule Addis Ababa, na Kipkirui, mhadhiri wa Njoro aliyekuwa amemaliza semina, alimeza huku akicheka.

Mkewe hakucheka. Wivu wa Mugure ulijulikana Njoro nzima. Asubuhi ile, katika makumbusho, alikuwa amemvuta mumewe shati kwa kuitazama mno mifupa ya Lucy, bibi wa miaka zaidi ya milioni tatu! Lakini ugenini mtu hujikaza. Akajilazimisha kutabasamu, akasema kwa Kikuyu, lugha ambayo hata Kipkirui aliisikia kwa shida, "Kama umempenda hivyo, mchukue basi. Nimekupa."

"Asante, nimempokea," mwanamke akajibu, kwa Kikuyu cha kwao Mugure.

Mugure aligeuka kumwita mhudumu. Alipogeuka tena, mwanamke hakuwepo. Mhudumu aliapa kwamba hapo hawana mfanyakazi kama huyo.

Kesho yake shati la Kipkirui, ambalo Mugure alilipiga pasi mwenyewe, lilinukia ubani.

"Umelala na nani, Kipkirui?"

"Si na wewe, Mama Joan? Kwani uko sawa?"

Hakuwa sawa. Moyo ulimchoma kama aliyeshuhudia kwa macho.

Ilikuwa siku yao ya mwisho, wakapanda mlima Entoto kuutazama mji. Kipkirui alitembea akiwa amekunja mkono wa kushoto, kama bwana harusi anayetoka kanisani. Mara kwa mara aliinamia upande ule akinong'ona kwa lugha ambayo hakuwahi kujifunza. Hofu ilimjia Mugure, lakini wivu ulimpanda zaidi, akajipenyeza katikati, na pale palikuwa na baridi nzito iliyokataa kusogea, na ubani ukamjaa puani hata akaona kizunguzungu, naye akamkamata mumewe akipaza sauti kwa jina la Yesu kwamba huyu ni wangu, tulifunga ndoa mbele ya kanisa, rudi ulikotoka, na kila alivyovuta ndivyo Kipkirui alivyokabwa, macho yakimtoka, midomo ikigeuka rangi, mpaka akaanguka kwa magoti kwenye majani makavu ya mikaratusi.

"Ukimvuta tena namaliza," sauti ya kike ikamnong'oneza Mugure sikioni. "Mpewa hapokonyeki."

Mugure alimwachilia. Kipkirui bado hakupumua.

"Nimekosa," akalia kwa sauti ya chini. "Usimuue. Tafadhali, mwache apumue. Twende naye nyumbani sote. Nitakaa na wewe."

Hapo ndipo Kipkirui alipovuta pumzi, akauliza kwa nini wameketi chini.

Kwenye ndege ya kurudi Nairobi walikaa safu ya viti vitatu. Kipkirui alilala dirishani, kichwa chake kimeegemea upande wa kiti cha katikati, kikiwa hewani, bila kuanguka. Mugure alijibana kwenye kiti cha kando ya njia. Alimchukia yule mke mwenziwe kwa moyo wote, na akaomba kimyakimya asikasirike.

Abiria mmoja akaja akitafuta nafasi ya kuhamia.

"Madam, hapo katikati ni wazi?"

"Pole, boss," Mugure akasema, akiisogeza miguu yake. "Hapo kuna mtu."