Mikono ya Jamvini

Mikono miwili ya chuma ilikuwa ikisuka ukili wa mkeka usiokuwepo. Haikuwa na mwili wala kichwa. Ilichomoza tu juu ya meza, sebuleni kwa Bi Mize, ghorofa ya juu kabisa ya Mnara wa Karafuu, na vidole vyake vikapanda, vikashuka, vikapishana laini kama maji, utadhani vimeshika miyaa ya kusukia. Havikushika kitu. Vilikuwa vinasuka hewa.

Watu wa mji mpya waliiita mikono-mwangwi. Mwanamke akikaa kwake Kilwa akavaa pete za hisia vidoleni, kila anachokifanya hurudiwa na mikono ya chuma majumbani kwa wenzake, wawe Mafia, wawe Lamu, wawe kwenye kituo cha mwezini. Ukumbi wao wa hewani uliitwa Jamvini, na wasusi wa mikeka wa pwani nzima walikutana humo. Aliyekwisha kuingia, mikono yake hupewa miyaa ya kweli, na mkeka ukakua nyumbani kwake kwa vidole vya wote. Aliyesimama mlangoni huiona mikono ikicheza mitupu, na juu yake picha ya nuru ya kinachosukwa kule mbali. Walio ndani nao huona taa yake ya kijani kizingitini, wakajua kuna mtu.

Taa ya Bi Mize ilikuwa pale tangu mwisho wa Rajabu. Sasa Shaabani inakwisha.

"Hodi!" aliita mara ya tatu.

Mikono ikaendelea kusuka hewa.

"Mlango uko wazi, Bi Mize," ilisema sauti ya Mwandani. Huo ulikuwa mtambo wa nyumba, wenye kuwasha taa, kupika uji na kusema bila kuulizwa. "Gusa mikono tu, umeshaingia."

"Anayeingia tu ni mbuzi! Mtu hupiga hodi akajibiwa karibu. Hodi tatu zikikosa jibu, unarudi kwenu. Ndivyo nilivyolelewa. Wewe hukulelewa, ulikazwa kwa parafujo."

Thuwaiba, mjukuu wake, alikuwa anakunywa chai na kujikaza asicheke. "Bibi, wale wanawake wanasifika kwa upole. Hawamcheki mtu."

"Sijasema wananicheka. Nasema hawaniitikii!"

"Basi nimwambie Msusi-mtambo. Atakusukia leo leo, kwa maua yote unayotaka."

Bi Mize akaitua birika kwa kishindo. "Ukalie mkeka wa mkono mmoja siku ya harusi yako? Tena mkono wenyewe wa mtambo?"

Kwao mkeka wa bibi harusi hausukwi na mtu mmoja. Kila mwanamke wa mtaa huleta ukili wake, kili zikashonwa pamoja, na bibi harusi akakalishwa juu ya mikono ya wote. Akikalia mkeka wa mtu mmoja husemwa katoka nyumba isiyoingiwa na watu. Lakini mtaa wenyewe u wapi? Bahari ilipoumeza mji wa zamani, wakazi walitawanywa minarani kama punje za mtama. Milango ya minara ilifunguka kwa jicho la mwenyeji tu. Hodi ikawa haina kazi, na wenzake Bi Mize, wengine wakafa, wengine hata hakujua wamepangwa mnara gani.

"Harusi ni Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, Bibi," alisema Thuwaiba akiinuka. "Mimi hata sakafuni nitakaa. Lakini nakujua, utaumia wewe."

Akaenda zake. Bi Mize akabaki anaitazama ile mikono, hasira zimemjaa, na nyingi zilikuwa zake mwenyewe juu ya nafsi yake. Maana sababu ya hodi ilikuwa kweli, lakini haikuwa yote. Akavikunjua vidole vyake mapajani. Vilitetemeka. Vilitetemeka tangu mwaka juzi, hata kikombe chake hakijazwi, chai isimwagike. Na mikono-mwangwi hairudii kazi peke yake, hurudia kila kitu. Akiingia tu, mtetemeko wake ungechezwa Kilwa, ungechezwa Lamu, mbele ya wanawake ambao vidole vyao vyateleza kama maji. Afadhali kungoja karibu isiyokuja.

Angengoja mpaka kiama, kama si mama mmoja wa Kilwa, ambaye mikono yake ndiyo iliyokuwa ikirudiwa mezani pale, kumaliza ukili akaanza kuushona na ukili mwingine. Bi Mize akainamia picha ya nuru. Akakunja uso. Ukili ulikuwa umegeuzwa! Ule upande wa chini, unaobaki na ncha za miyaa zilizoungwa, ndio uliotazama juu.

"Sivyo," alisema.

Sindano ikaendelea.

"Sivyo, jamani! We mama, huoni?"

Hawamsikii; sauti ya aliye mlangoni haipiti ndani. Sindano ikapita tena, na tena, na Bi Mize akashindwa. Akarusha mikono yake akaikamata ile ya chuma kwa viganja.

"Yalaa!" ikapasuka sauti sebuleni. "Nani kanishika mkono?"

"Mimi Mize, wa Mnara wa Karafuu! Nimepiga hodi mpaka koo limekauka, na wewe unashona ukili kifudifudi! Atakayeukalia atachomwa makalioni!"

Kicheko kikalipuka kutoka pembe zote.

"Kumbe taa ya kijani ndiyo weye!" alisema mwenye mkono. Jina lake Bi Kazija. "Tangu Rajabu unatutazama husemi neno! Shufaa alisema ni mkaguzi."

"Sikusema mkaguzi," ikadakia sauti nyingine, ya Bi Shufaa, aliyehamia kituo cha mwezini kwa mwanawe. Maneno yake yalichelewa kidogo kufika. "Nilisema ni fundi mkubwa, anatuona vichekesho. Mimi nikiiona taa ile nafumua mara mbili."

"Na kwa nini hamkuniita?"

"Kanuni ya mtambo," alijibu Kazija. "Aliye mlangoni aachwe asimame apendavyo, asishurutishwe. Tukaona ni adabu."

"Adabu gani ya kumwacha mtu mzima mlangoni mwezi mzima?"

"Na wewe adabu gani ya kutuchungulia mwezi mzima? Haya, karibu, karibu, karibu! Tatu hizo, zakutosha? Sema una haja gani."

Bi Mize akaisema: mkeka, Thuwaiba, Mfungo Mosi. Bi Kazija akafyonya.

"Mkeka wa bibi harusi, nawe umekaa kimya! Utatuua, mwanamke wewe. Vaa pete. Anza wewe mwenye harusi, sisi tutafuata upana wako."

Hapo hapakuwa na pa kukimbilia. Bi Mize akavaa pete za hisia, akachukua miyaa myeusi na myekundu. Mwandani akamnong'oneza sikioni:

"Niwashe mnyoosho?"

"Ndiye mdudu gani huyo?"

"Hufuta mtetemeko. Wenzako wataona mikono iliyotulia."

Kumbe lipo jambo kama hilo! Ulimi ukawa tayari kusema washa. Kisha hasira zikampanda upya. Mkeka wa mtambo aliukataa yeye kwa kinywa chake, sasa aingie kwa watu na vidole vya mtambo? Na Thuwaiba akalie nini, uongo?

"Niache," alisema. "Nyamaza kabisa."

Akaanza kusuka. Kule Kilwa mikono ya chuma ikatetemeka. Alijua, kwa sababu vicheko vyote vilikatika kama vimekatwa kwa kisu.

"Mize," alisema Kazija polepole. "Vidole vyako."

"Ndivyo vilivyo. Mwenye kutaka kucheka acheke, nimeshazoea."

Hakuna aliyecheka. Bi Mize akaanza kuzivua pete.

"Hebu subiri," alisema Kazija. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "We mtambo wangu, zima mnyoosho. Zima, nimesema!"

Mikono ya chuma mezani kwa Bi Mize, ile iliyokuwa ikiteleza kama maji tangu Rajabu, ikaanza kutikisika kama mtu anayepeta mchele. Bi Mize akaitazama, mdomo wazi.

"Miaka minne sasa," alisema Kazija. "Nilidhani ni mimi peke yangu humu ndani."

"Nipokezeni," alisema Shufaa kutoka mwezini. Mikono ikatulia, ikangoja, kisha kidole gumba cha kulia kikaanza kurukaruka peke yake. Akafuata mama wa Lamu, aliyetetemeka kwa mafungu, kidogo, akapumzika, kidogo tena. Akafuata mwingine. Kila mmoja na mtetemeko wake, na hakuna aliyepata kuujua wa mwenzake, miaka yote waliyosuka pamoja.

Bi Kazija alikuwa analia, au anacheka, haikujulikana.

"Hebu nyamaza," alisema Bi Mize, na mwenyewe akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Harusi haingoji. Upana wangu ndio huo, miyaa ndiyo hiyo. Na wewe Kazija fumua ule wa kifudifudi."