Korongo Aliyenuka Asumini

Jumamosi ya mshahara, soko la Nachingwea halikuwa na pa kuweka mguu. Trekta za Mradi wa Karanga zimelala, waendeshaji wake wako macho, na kila mtu ana kitu cha kumuuzia mwenziwe. Kaimu, fundi wa karakana ya trekta, alirudi nyuma kumkwepa mbuzi, akakalia sinia la sigara.

"We kaka! Nauza sigara za kuvuta, siuzi za kukalia!"

Kaimu akageuka na maneno ya kujitetea. Mbele yake alisimama Hajira binti Yunusi, kanga mpya nyekundu kiunoni na nyingine begani, kipini kikimeta puani. Kaimu mwenyewe alivaa kaptula ya khaki yenye oili ya wiki nzima. Alipoinama kuokota sigara, kadi ya picha ya simba ikamdondoka mfukoni.

Hajira akaiokota, akaigeuza, akainusa.

"Nani kakuuzia?"

"Kwani vipi?"

"Kakuibia. Hii bandia."

Miaka hiyo vita ya Hitla ilikuwa imekwisha, lakini kadi zilizokuwa zikiwekwa ndani ya pakiti za sigara kabla yake, zenye picha za ndege, meli na wanyama, zilikuwa hazitoki tena. Zilizobaki zikawa lulu. Wazungu wa Karanga walizitafuta ili kukamilisha seti zao, na wajanja wa mjini wakapata kazi: wanakata picha kwenye kalenda, wanaibandika kwa uji wa muhogo juu ya boksi, wanakuuzia huku wakiapa. Hajira alikuwa amekulia kwenye duka la baba yake akifungua pakiti za kweli. Alitazama kona nne kama bado kali. Alitazama ukingo, maana bandia ina matabaka mawili. Alisoma maandishi ya mgongoni. Mwisho alinusa, kwani kadi iliyolala na tumbaku hunuka tumbaku mpaka ndani. Hata mzungu wa stoo ya Mradi hakununua kadi mpaka Hajira aseme.

Jumamosi iliyofuata Kaimu alileta kadi nyingine. Bandia. Iliyofuata tena, bandia.

"Kaka Kaimu, hujifunzi?"

"Hii najua ni bandia. Nimeibandika mwenyewe jana."

"Sasa umeniletea ya nini?"

"Uinuse. Napenda unavyoikunja pua."

Hajira akacheka mpaka akakaa. Basi hapo mambo yakawa mambo. Baada ya muda akamtarizia kitambaa cha mkono, ua la bluu pembeni, akakipaka mafuta yake ya asumini anayoyachanganya mwenyewe na karafuu kidogo.

"Jifutie jasho, mpenzi. Usije kwangu unanuka dizeli."

Kaimu hakufuta jasho hata tone. Mtu anafutaje jasho kwa kitu kama kile?

Sasa sikilizeni alivyojiponza. Mzungu wa stoo alikuwa na seti ya ndege, imepungua kadi moja tu, korongo. Alitangaza kwamba atakayemletea atapewa cherehani ya mkono ya mkewe, maana walikuwa wanarudi kwao. Kaimu akaipata kadi hiyo kijijini Mtua, kwa askari mstaafu, akamwachia redio yake. Alitaka cherehani iwe mahari ya Hajira, ambaye kila siku alikuwa akisema angepata cherehani angeacha sigara. Hakumwambia. Alitaka amshtue. Akaifunga kadi kwenye kitu kisafi kuliko vyote alivyokuwa navyo, akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, ikae humo mpaka Jumamosi.

Jumamosi mzungu alifika sokoni, watu wakajaa. Kaimu akaichomoa kadi, akampa Hajira huku anatabasamu kama mwenye siri.

Kona, kali. Ukingo, tabaka moja. Mgongo, safi. Hajira akainua kadi puani. Uso ukabadilika.

"Nani amekutunzia hii kadi?"

"Mimi mwenyewe."

"Inanuka mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe!"

"Hajira, mpenzi..."

"Usinipenzi mie!" Akamgeukia mzungu. "Bandia, bwana. Kadi bandia, na mwenye kadi bandia."

Watu wakaangua kicheko. Mzungu akaondoka. Kaimu alijaribu kukumbuka amekutana na mwanamke gani, asimwone hata mmoja. Akaiacha kadi kwenye sinia, akaomba likizo ya mavuno ya ufuta, akapanda lori la Dastani, dereva wa kubeba ufuta, kwenda kwao Ruangwa.

Simu haikuwapo. Alikuwapo Dastani.

"Kaimu anasema hana mwanamke mwingine," Dastani alipiga kelele kutoka dirishani mwa lori.

"Mwambie, huyo mwanamke asiyekuwapo anajua kuchagua mafuta!"

Safari nyingine: "Anauliza, mafuta gani?"

"Anayajua!"

"Anasema hayajui."

"Basi amuulize mwenyewe!"

"Amuulize nani, dada, na wewe unasema... Aa! Mimi nabeba ufuta. Ufuta hauna maneno."

Hajira akabaki na kadi ya korongo. Aliikagua upya juani, kona kwa kona. Kila alama ilisema kweli, pua peke yake ikasema uongo. Aliifungia ndani ya mkebe wa tumbaku, akaitoa, bado mwanamke yule yumo. Hasira ikamgeuka kuwa mashaka, mashaka yakamnyima hamu ya kula. Akifikiri amemwonea, anakumbuka harufu. Akifikiri ameonewa, anakumbuka uso wa Kaimu.

Ikawa hivyo mpaka Fatu, jirani yake, alipokuja kuazima kinu, akaiokota ile kadi mkekani.

"Mbona umeipaka mafuta yako?"

"Mafuta ya nani?"

"Yako, mama! Asumini na karafuu. Kila Ijumaa unanukisha nyumba sita. Wewe umeyazoea, huyasikii tena. Sisi tunayasikia."

Hajira akanusa kadi. Akanusa mkono wake. Akakumbuka kitambaa. Akajifunika kanga usoni.

Lori lilipopita alilisimamisha. "Mwambie Kaimu, yule mwanamke nimemjua. Ni mimi."

Dastani akamtazama sana. "Ujumbe huo sibebi. Panda, ukauseme mwenyewe."

Ruangwa alimkuta Kaimu anapukuta ufuta, kifua wazi, mbegu zimejaa nywelani.

"Uliifunga kwenye kitambaa changu," Hajira alisema kabla ya salamu.

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Harufu ilikuwa yangu."

Kaimu akasimamisha fimbo. "Ngoja kwanza. Ulikuwa unamwonea wivu nani?"

"Mimi."

"Na huyo mwanamke wangu mwingine..."

"Ni mimi, nimekwambia! Usinichekeshe, nimekuja kulia."

Akalia kweli. Akauliza, cherehani ilikuwa ya nani? Kaimu akatazama chini. "Mahari yako."

Hajira akakaa juu ya mabua ya ufuta. Mzungu alikuwa ameshafunga virago, na cherehani imekwenda naye.

"Nimejinyima mahari kwa pua yangu mwenyewe!"

"Nitatafuta nyingine. Nipe muda."

"Sitaki nyingine. Wewe lete posa tu. Mahari nitaitaja mimi."

Siku ya mahari, wazee walikaa ukumbini kwa Mzee Yunusi kule Nachingwea, na Hajira nyuma ya pazia. Mshenga akafungua kitambaa chenye ua la bluu, akatoa korongo, kadi ambayo Hajira alikuwa amemrudishia Kaimu kwa siri. Baba mdogo Amri, mtu mgumu, akaigeuza kadi.

"Hiki ndicho alichotaja? Ndege wa mguu mmoja?"

"Mwingine kaukunja, mzee," mshenga akasema.

Amri akaisogeza puani. "Na mbona inanuka mafuta ya kike? Isije ikawa bandia, tukachekwa."

Pazia likatikisika.

"Ya kweli hiyo, baba mdogo," Hajira akasema. "Pokea. Safari ya kwanza niliinusa vibaya."