Kodi ya Boti Iliyonasa Juu ya Mti

Haya niliambiwa na Wilma Pruett mwenyewe, Jumatano ya kwanza ya mwezi wa pili mwaka huu. Tulikuwa ukumbi wa kanisa tunashona blanketi la viraka. Alicheka sana akisimulia, hata sindano ikamchoma kidole mara mbili. Nikamwomba ruhusa niyaandike, kwa sababu wapo wengi wanaoumia kama walivyoumia yeye na mumewe.

"Andika tu," akasema. "Lakini usiseme Leland ni mjinga. Sema ana haraka."

Basi, Leland ana haraka.

Leland ni mume wa Wilma. Wanaishi ng'ambo ya kijito, kwenye vilima vyetu hapa Missouri. Leland anafuga ng'ombe na kuuza kuni. Wilma ni mpishi wa shule. Kila siku ya shule anaamka saa kumi alfajiri, anawasha pikapu yao ya kijani, anaendesha maili kumi na mbili mpaka mjini. Asubuhi watoto mia mbili wanataka mikate yao ya moto na mchuzi wa soseji. Gari wanalo hilo moja tu.

Mwezi wa kumi na moja, wiki ile ya kuwinda kulungu, bili ya kodi ilikuja. Leland alikuwa ametoka porini, buti zina matope. Akaifungua bahasha akiwa bado amesimama.

"Mia tano na arobaini!" akasema.

Wilma alikuwa jikoni anakaanga nyama. "Mia tano na arobaini ya nini?"

"Dola, mama! Kodi ya wilaya. Na hii si ya nyumba wala shamba. Ya nyumba ina bahasha yake. Hii ni ya gari na mifugo."

"Mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo, ukalipa."

"Mwaka jana nilikuwa na ndama wa kuuza. Mwaka huu ukame umekausha malisho. Pesa ya ndama wote imeishia kununua majani."

Wilma akapunguza moto. Alijua maana yake. Kwetu hapa, usipolipa kodi hiyo hupati risiti. Usipokuwa na risiti, hawakupi stika mpya ya namba ya gari. Na stika ya pikapu yao ilikuwa inakwisha mwisho wa Desemba. Gari lisilo na stika halifiki mbali kabla polisi hajalisimamisha.

Leland akazunguka meza mara tatu. Kisha akasema, "Namuuzia Doyle Hatch pikapu. Ameitamani siku nyingi. Anatoa elfu mbili taslimu. Tunalipa kodi, na kinachobaki tunanunua kigari kidogo."

"Unauza gari ili ulipe kodi ya gari?"

"Ndiyo."

"Hebu lirudie hilo neno polepole, Leland, ulisikie mwenyewe."

"Nimechoka, Wilma! Gari nimelinunua mara moja, lakini nalilipia kila mwaka kama nimelikodi. Kila mwaka serikali inanyoosha mkono."

"Na mimi nitafikaje kazini? Nipande ng'ombe?"

"Nimesema kigari kidogo."

"Kigari cha pesa hiyo hakipandi kilima cha kanisani, sembuse kwenye theluji. Unamkumbuka Trudy wa jikoni shuleni? Alikosa siku tatu tu, kazi wakampa mwingine."

Leland alichukua simu akampigia Doyle. Doyle akasema atakuja na pesa Jumamosi asubuhi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Usiku ule, Wilma aliniambia, walikula bila kuongea, na nyama ya kulungu ilikuwa nzuri bure.

Kesho yake jioni alikuja Bettye Crain kuchukua mayai, kama afanyavyo kila Alhamisi. Bettye ni jirani yao. Aliendesha basi la shule miaka ishirini na sita. Siku hizi anakaa kaunta ya ofisi ya kodi ya wilaya. Alimkuta Leland anaosha pikapu kwa ndoo, mikono imekuwa myekundu kwa baridi.

"We Leland! Unaosha gari mwezi huu? Nani anaoa?"

"Naliuza Jumamosi. Waulize wenzako wa ofisini kwa nini."

"Kwa ajili ya kodi?"

"Kwa ajili ya kodi. Alipe Doyle sasa."

Bettye akaweka kikapu cha mayai chini. "Jirani, Doyle hatalipa. Utalipa wewe."

"Kwa nini mimi? Gari litakuwa lake!"

"Kodi inaangalia siku moja tu. Tarehe mosi Januari. Ulichokuwa nacho asubuhi ile ndicho unacholipia mwaka mzima. Hata ukikiuza tarehe mbili, kodi ya mwaka huo ni yako."

"Huo ni wizi."

"Huo ni utaratibu. Ukiona mbaya, mwandikie mbunge wako, stempu nitakupa mimi. Hata mimi nalalamika nikilipa ya kwangu. Lakini sikia upande wa pili. Kitu ambacho hukuwa nacho tarehe mosi, hulipii. Hebu nionyeshe hiyo bili."

Wilma alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Akaileta mbio. Bettye akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Pikapu moja. Sawa. Gari dogo la bluu. Liko wapi?"

"La Tammy, binti yetu," akasema Wilma. "Alihamia nalo Arkansas alipoolewa. Huu mwaka wa nne."

"Mh. Ng'ombe kumi na wanane."

"Kumi na wawili," akasema Leland. "Sita niliwauza mnadani mwaka jana, kabla ya Krismasi."

"Boti ya bati, na injini yake."

Wilma akaziba mdomo kwa aproni.

"Boti ipi?" akauliza Bettye. "Leland! Siyo ile ya mafuriko? Ile iliyonasa juu ya mti?"

"Ndiyo hiyo hiyo," akasema Leland, akitazama ndoo.

"Ile boti ilikaa mtini mwezi mzima! Watu walikuwa wanaleta watoto kuitazama. Ndege walitagia mle ndani. Si mliikata vipande mkauza bati?"

"Tuliuza bati."

"Na unailipia kodi?"

"Sikujua kama nailipia!"

Bettye akavua miwani. "Kila Januari tunakuletea fomu nyumbani. Unaifanyia nini?"

Hapo Leland akainua kifua. "Siku hiyo hiyo inarudi. Naitoa kwenye sanduku la barua, naiweka juu ya boneti, natia sahihi, naituma. Baba yangu hakuwahi kuchelewesha fomu hata siku moja, na mimi vile vile."

"Unaisoma?"

"Nisome nini? Ni ile ile ya mwaka uliopita."

"Ndiyo maana unalia! Sisi tunaichapa kama ulivyoiacha wewe. Hatuji kuhesabu ng'ombe wako. Hatupandi mtini kuangalia boti. Kazi ya kukata kilichotoka ni yako, na ya kuandika kilichoingia ni yako pia. Ukitia sahihi bila kusoma, umetuambia kwa mkono wako kwamba boti ipo na inaelea."

Leland akakaa kwenye bampa ya gari. "Mafuriko yalikuwa lini?" akauliza.

"Miaka sita iliyopita," akasema Wilma.

"Kwa hiyo nimelipia kiota cha ndege miaka sita."

Wilma hakuweza kujizuia tena. Alicheka mpaka akashika ukuta. Bettye naye akacheka, na mwisho Leland mwenyewe mabega yakaanza kutikisika.

"Kurudishiwa ulicholipa zamani, sikuahidi," Bettye akasema walipotulia. "Lakini hii ya mwaka huu hujailipa. Njoo kesho ofisini na ushahidi. Usije na maneno matupu, njoo na karatasi. Karatasi ya mnada ya ng'ombe. Tammy apige picha kadi ya gari lake ya Arkansas, akutumie kwenye simu. Na boti, sijui. Ushahidi wa boti mtafute wenyewe."

Jioni ile nyumba iligeuzwa juu chini. Karatasi ya mnada ilikuwa kwenye kopo la kahawa pamoja na misumari. Tammy alituma picha ya kadi kabla hawajamaliza kula. Ushahidi wa boti ndio haukuonekana. Leland akatafuta bandani, akatafuta chini ya kitanda. Kisha Wilma akafungua kitabu chake cha mapishi, penye pai ya boga. Ndani alikuwa amehifadhi ukurasa wa gazeti la wilaya. Picha ilionyesha boti juu ya mti, na Leland chini yake ameshika kiuno. Tarehe ilikuwa juu, inasomeka vizuri.

"Kwa nini uliiweka hii?" Leland akauliza.

"Umetoka vizuri," akasema Wilma.

Ijumaa, Wilma alipotoka kazini, wakaenda wote wawili ofisini. Bettye alizipokea karatasi, akampelekea mkuu wake, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya upole. Akasoma ya mnada, akasema sawa. Akatazama kadi ya Arkansas, akasema sawa. Alipofika kwenye gazeti alilitazama muda mrefu.

"Bwana Pruett," akasema yule mkuu, "mimi niliwapeleka wajukuu wangu kuiona boti hii."

Akagonga muhuri. Bili mpya ikatoka: dola mia mbili na tisini. Hiyo walikuwa nayo. Leland akalipa, akapewa risiti. Wakavuka barabara mpaka ofisi ya namba za magari, wakapewa stika. Wilma akaibandika mwenyewe, akaisugua kwa kidole gumba mpaka ikakaa.

Leland akampigia simu Doyle Hatch. "Doyle, samahani, gari siuzi tena."

"Loo! Kwa nini?"

Leland akamweleza yote. "Basi niuzie boti," akasema Doyle.

Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri pikapu ya kijani ilipita mbele ya nyumba yangu kama kawaida, na watoto wakala mikate yao.

Fomu mpya ilikuja Januari. Siku hiyo theluji ilikuwa nyingi na shule zilifungwa. Leland aliingia nayo ndani, akaiweka mezani, akavaa miwani, akavuta kiti. Wilma akakaa kando yake. Wakasoma mstari mmoja mmoja. Gari la Tammy halikuwepo. Boti haikuwepo.

"Imekwisha," akasema Leland, akashika kalamu.

"Trekta hujaiandika," akasema Wilma.

"Trekta ipi?"

"Leland! Ile uliyoinunua mwezi wa nane."

"Ile ni nzee kuliko mchungaji. Na mimi nimewalipia boti miaka sita bure. Wasahau trekta, tumelipana."

"Nyanyua uso unitazame. Jiko la shule linawashwa kwa pesa gani? Mshahara wangu unatoka wapi? Si kwenye kodi hizi hizi? Ulikasirika kulipia kisichokuwepo, na ulikuwa na haki. Hii ipo. Naiona kutoka dirishani."

Leland alitazama dirishani. Kweli, ilionekana, imevaa kofia ya theluji. Akaguna. Akaandika: trekta moja, ya zamani sana. Neno "sana" akalipigia mstari.

"Na yule ndama wa ng'ombe mwekundu?" akauliza.

"Kazaliwa lini?"

"Tarehe tano."

"Basi huyo ni wa mwakani."

"Ona!" akasema Leland, akafurahi kama ameshinda kesi. "Ng'ombe wangu ana akili."

Akatia sahihi. Wilma akaenda kujilaza kwenye kochi karibu na jiko la kuni, kwa kuwa siku ya kulala mchana haimjii mara nyingi. Leland akaanza kumsomea fomu upya, kuanzia juu, ahakikishe hakuna kilichosahaulika. Alipofika kwenye ng'ombe, Wilma alikuwa amekwisha lala. Leland akashusha sauti, akaendelea mpaka mstari wa mwisho. Akaongeza gogo motoni, akavua buti, akakaa kwenye kiti chake. Miwani ikiwa bado usoni, naye akalala.