Jina la Efraimu Kwenye Kisanduku

"Kware, unanisikia?"

"Nakusikia, Mkuu."

"Marehemu ameingia kazini leo asubuhi."

Nuria, Kware kwa jina la kazi, alikanyaga breki. Yamaha DT ikaserereka kwenye vumbi la Mlowo, pembeni ya magunia ya kahawa. Akaibana Nokia sikioni.

"Rudia."

"Saa mbili na dakika sita. Mtu amefungua orodha kwa jina la Efraimu. Kabla hajasoma, umeme ukakatika Tunduma nzima. Unarudi saa nane."

"Na ukirudi?"

"Atasoma. Majina tisa, Nuria. Wasamaria wetu wote wa mpakani."

Simu ikakatwa.

Nuria alitazama Seiko yake. Saa nne kasorobo. Akawasha pikipiki.

Efraimu alikuwa na siku kumi na tisa kaburini.

Kazi yake katika kikosi cha kuzuia ujangili ilikuwa moja tu, kuwalinda hao tisa: madereva, wapagazi na mama mmoja muuza chapati, waliokuwa wakimnong'oneza pembe za ndovu zikipita. Wenye pembe walimwotea kwenye kona wakalisukuma gari lake korongoni. Na gari lile alikuwa amebadilisha asubuhi hiyo hiyo. Nani aliwaambia?

Msiba ulikuwa Ihanda. Wanawake walikuwa wanasugua masufuria kwa majivu, mvuke wa chai ya tangawizi ukipanda. Enesi, mjane, alikaa mkekani na kitenge cheusi, miguu imenyooshwa, vidole vikichezea uzi wa mkeka.

Huyo Enesi ndiye fundi wa kisanduku cha ofisi ya Tunduma, kinachotunza orodha ile na kusomwa kutoka meza za humo tu.

Chenyewe ni kidogo, ukubwa wa sabuni ya mche iliyokatwa nusu, kinaendeshwa na mfumo wa Linux. Ndani yake kuna programu isiyolala, inayokaa macho saa zote kungoja mtu aulizie jina. Programu hiyo ilitengenezwa kwa mashine kubwa za mjini. Enesi ndiye aliyeikata, akaikunja na kuifungasha mpaka ikaenea.

"Pole, wifi," Nuria alisema, maana Efraimu alimwita dada kazini, akachuchumaa. "Jina la Efraimu bado limo?"

"Limo."

"Ungelifuta siku ile ile."

"Kwenye ukoo huu jina la marehemu haliondolewi popote mpaka tanga lianuliwe. Hata kikombe chake kipo kabatini." Macho yake yalikuwa makavu, yamekwisha kulia. "Mkono ulikataa, Nuria."

"Kuna mtu amelitumia leo. Ametumia na neno la siri."

Enesi akaacha uzi.

"Lilikuwa kwenye daftari lake. Limerudi pamoja na nguo zake."

"Nani alizileta?"

"Ofisi. Walikuja wengi. Shemeji Hezron, mwenzake wa ofisini, ndiye aliyetangulia na jeneza, akalia kutushinda sisi wenyewe."

"Aliyeingia alikuwa meza ipi pale ofisini?"

"Haionyeshi. Kisanduku kina megabaiti kumi na sita tu. Nilivyofungasha, sehemu ya kuandika nani katokea wapi niliitoa ili nafasi itoshe."

"Irudishe."

Waliingia chumbani. Nuria akatoa begini kisanduku cha akiba, nakala ya kile cha ofisini, Enesi akafungua ThinkPad kuukuu. Betri, asilimia thelathini na moja.

Mlango ukasukumwa. Mama mkwe.

"Enesi! Mjane anashika mashine na watu wako uani?"

"Ni kazi ya Efraimu, mama."

Bibi alikitazama kisanduku. Akavuta mlango, akakaa nje juu ya kigoda.

"Wakiuliza nawaambia umelala," akasema kwa nje. "Ila fanya upesi, chai inapoa."

Enesi akatoa majina tisa ya kweli, akaweka tisa ya uongo. Akarudisha sehemu ya kumbukumbu. Akaongeza mistari michache: mtu akiingia kwa jina la Efraimu, kisanduku kitume namba ya meza yake kwenye simu ya Nuria.

Akafungasha.

Kifurushi kikagoma. Kimezidi.

"Kwa kiasi gani?"

"Kilobaiti thelathini na nane."

"Toa vitabu vya maelezo."

"Nilishatoa. Lugha za kigeni nimetoa. Kila kitu nimeshakwangua."

Betri, asilimia tisa.

Enesi alishuka mpaka mwisho wa orodha ya faili. Halafu akafungua faili moja.

Ilikuwa picha. Efraimu na suti ya harusi, ua la plastiki mfukoni, kola imepinda kidogo upande wa kushoto.

"Niliiweka mimi," alisema. "Hakuna aliyeniambia. Wengine wote wana majina matupu. Nilitaka kila kisanduku kikiwaka, na yeye awemo."

"Ina uzito gani?"

"Arobaini na moja."

Nuria alikuwa amewahi kumwelekezea mtu bastola yake ya Browning bila mkono kutikisika. Pale hakujua mikono aiweke wapi.

"Huna nyingine?"

"Ya ukutani ipo. Lakini ndani ya hii bado alikuwa kazini."

Akaifuta.

Kifurushi kikaenea. Taa ya kijani.

Kompyuta ikazima yenyewe.

Saa saba na nusu Nuria alikuwa Tunduma, akipenya katikati ya malori yaliyopanga foleni mpaka Zambia. Ofisi zilikuwa giza, watu wamekwenda kula. Akang'oa kisanduku cha zamani ukutani, akafunga kipya. Skrubu nne. Akasimama nyuma ya kabati la mafaili.

Saa nane.

Feni zikaanza kuzunguka. Taa nyekundu. Watu wakarudi mezani wakifuta midomo.

Taa ya kijani.

Dakika ya tatu Nokia ikatetemeka.

*Meza ya nne.*

Meza ya nne alikaa Hezron. Alikuwa ananakili majina kwenye kiganja cha mkono.

"Hezron."

Hezron aligeuka. Akaona bastola. Akajaribu kucheka.

"Dada Nuria, umenishtua! Karibu chai."

"Chai nimeiacha msibani. Na wewe je, ya msiba uliouleta mwenyewe uliinywaje?"

Kicheko kikafa.

"Sikujua watamuua," alinong'ona. "Waliuliza tu atapita na gari gani. Tu. Nikadhani watamkwepa."

"Ukaenda kumbeba."

"Nilibeba mbele. Alikuwa mzito, dada. Mpaka leo bega linauma."

Nuria alimfunga pingu, akachukua simu yake. Ujumbe wa mwisho ulitoka kwa dereva wa Scania: yuko langoni, anangoja neno lake. Aliandika neno moja: *Pita.*

Scania ikasogea. Askari waliopangwa na Mkuu wakaizingira. Chini ya mbao za mkaratusi palikuwa na pembe sitini na mbili.

"Mkuu. Wasamaria tisa, wote wazima."

"Kazi nzuri, Kware."

Nuria akakata simu.

Siku ya kuanua tanga alirudi Ihanda. Enesi alikuwa amenyolewa, amevaa gauni jeupe. Kisanduku alichokuja nacho Nuria kiliwekwa juu ya stuli, karibu na kikombe cha marehemu. Bibi alikaa pembeni na kanga begani.

Enesi aliandika mstari mmoja. Mashine ikauliza kama ana hakika.

Alimtazama mama mkwe. Bibi akainamisha kichwa.

Jina likaondoka. Enesi akafungasha upya, akaangalia namba.

"Kimepungua kiasi gani?" Nuria aliuliza.

"Hakijapungua." Aliangalia tena, polepole. "Ukubwa ule ule. Jina lake halikuchukua nafasi yoyote."

Bibi akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akakikung'uta vumbi na kummiminia Nuria chai humo.

Nuria alikunywa mpaka chini. Akavaa kofia ngumu, akatia kisanduku begini, akapiga kiki.

Hakugeuka nyuma mpaka lami.